Nililipa, Jina Likabaki

Kwetu Kisauni, kabla jeneza halijabebwa kwenda msikitini, mtu wa familia husimama mbele ya waliokuja kuzika akatangaza: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, sisi tupo, tutalimaliza. Tangazo hilo nimelisikia tangu nikiwa mtoto, na ndilo lililonifundisha deni ni kitu gani. Deni lina mwenyewe. Watu wanalijua. Likilipwa au likisamehewa, jina la mdaiwa linatakata saa ileile, hata kama mwenyewe yumo ndani ya sanda.

Nilihamia Texas, upande wa Dallas, na imani hiyo moyoni. Iliniponza.

Februari 2022 niliomba kupanga nyumba ya vyumba viwili ili wanangu wapate chumba chao. Nilikuwa na kazi ya kudumu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za usiku, mshahara unaingia kila baada ya wiki mbili. Nikajibiwa kwa barua kwamba ombi langu limekataliwa kwa sababu ya mambo yaliyomo kwenye ripoti yangu ya mikopo. Barua hiyo ilitaja ofisi iliyotoa ripoti na kunieleza kwamba nina siku 60 za kuomba nakala yangu bila malipo. Nakuomba, ukipata barua ya namna hiyo usiichane kwa hasira kama nilivyotaka kuichana mimi. Ni sheria inayowalazimisha kukuandikia, na humo ndimo mna mlango wa kuingilia.

Marekani kuna ofisi tatu kubwa zinazoweka kumbukumbu za mikopo ya watu: Equifax, Experian na TransUnion. Nakala za zote tatu unaweza kuzichukua bure kwenye tovuti ya annualcreditreport.com, siku hizi kila wiki ukitaka. Nilizichukua usiku, baada ya watoto kulala. Alama za mkopo, yaani namba ya kupima mtu anaaminika kiasi gani kulipa, huanzia 300 hadi 850. Zangu zilikuwa 548. Na ndani ya ripoti mlikuwa na madeni matatu yaliyopelekwa kwa wakusanya madeni: dola 186 za modemu ya intaneti niliyosahau kuirudisha, dola 640 za hospitali, na dola 1,870 za nyumba niliyohama Oktoba 2019.

Sikulala. Asubuhi nilimpigia mama simu Mombasa, nikamwambia nina madeni na sikuwa nayajua. Akaniambia lile ambalo ningetarajia aniambie: "Mwanangu, dawa ya deni kulipa. Lipa, Mungu atakufungulia."

Nikalipa. Nilianza na lile dogo. Nilipiga namba iliyokuwa kwenye ripoti, nikampa yule bwana namba za kadi yangu ya benki, dola 186 zikatoka palepale. Nilimuuliza kama litatoka kwenye ripoti. Akasema, "Litashughulikiwa." Nikamshukuru. Baada ya mwezi nikafungua ripoti. Deni lilikuwa palepale, mstari uleule, kampuni ileile, ila sasa kiasi kilichobaki kilisomeka sifuri na pembeni pameandikwa kwamba limelipwa. Alama hazikusogea hata moja.

Yule bwana hakuvunja sheria yoyote. Sheria ya mwaka 1970 inayosimamia ripoti hizi inaruhusu deni lililofika kwa mkusanyaji kukaa kwenye ripoti kwa takriban miaka saba, ikihesabiwa tangu ulipoanza kushindwa kulipa. Kulipa hakufupishi muda huo. Ziko fomula mpya za kukokotoa alama, kama FICO 9 na VantageScore 3.0, zinazolipuuza deni la mkusanyaji likishalipwa. Lakini mabenki ya mikopo ya nyumba yamezoea kutumia fomula za FICO za zamani, ambazo humhesabia mtu deni hata alilokwisha kulipa. Naye msimamizi wa nyumba za kupangisha hana habari na fomula. Anaisoma ripoti kwa macho yake, akiona mstari wa mkusanya madeni anasonga kwa mwombaji mwingine.

Kwa hiyo huku mambo ni mawili. Kuna kulipa deni, na kuna kusafisha jina. La kwanza linafanyika bila la pili. Ukitaka yote mawili, lazima uyapatanie pamoja, tena kabla pesa haijatoka mkononi, kwa sababu ikishatoka mkusanyaji hana tena anachokitaka kwako.

Haya nilifunuliwa na shoga yangu mmoja, mtu wa Tanga, aliyekuwa akijitolea kwenye kituo cha kushauri watu mambo ya makazi. Nilimsimulia nikiwa nalia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Shoga, kanga tu huinunui mpaka uikunjue uitazame. Jina lako umelinunuaje kwa simu?" Akaniwekea masharti. Simu zao nisipokee. Wakiwa na neno, waandike. Nami kila nikiandika, iwe barua ya rejista, ile ambayo posta inakurudishia kadi ya kijani yenye saini ya aliyeipokea.

Tulianza na hospitali, maana saa ilikuwa inatukimbia. Niliingia idara ya dharura Juni 2021 kwa maumivu ya kibofu cha nyongo, na bili ya kwanza ilinifikia katikati ya Julai. Sikujua kwamba hospitali isiyo ya faida, kwa kuwa imesamehewa kodi, inalazimika na sheria ya kodi ya serikali kuu kuwa na utaratibu wa kuwasaidia wenye kipato kidogo, na kwamba mgonjwa ana siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba msaada huo. Tulihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Nilikuwa nimebakiwa na siku tisa. Tulijaza fomu, tukaambatanisha hati za mshahara za miezi mitatu, nikaipeleka mwenyewe dirishani na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Walinipunguzia mpaka dola 160, nikalipa, na deni likaondolewa kwenye ripoti zote tatu, maana maombi yakifika ndani ya muda na ukastahili, hospitali inatakiwa pia kuyatengua yale iliyokwisha kukufanyia kwenye ripoti.

Tangu wakati ule madeni ya matibabu yamelegezwa zaidi. Kuanzia Julai 2022 zile ofisi tatu huondoa deni la matibabu likishalipwa, na deni jipya haliandikwi mpaka litimize mwaka. Kuanzia Aprili 2023 deni la matibabu lisilofika dola 500 haliandikwi kabisa. Januari 2025 serikali ilitoa kanuni ya kuyafuta yote, lakini mahakama moja ya hapa hapa Texas ikaibatilisha Julai mwaka huohuo. Ukiwa na deni la hospitali, basi, usikimbilie kwa mkusanyaji. Rudi hospitalini kwanza.

Likabaki la nyumba, na hilo ndilo lililonichukua miezi mitano.

Kwanza nilitafuta kujua ninashindana na nani. Mwenye nyumba alishaliuza deni hilo kwa kampuni ambayo sijawahi kuisikia. Texas inamtaka mkusanyaji wa madeni ya watu wengine aweke dhamana ya dola 10,000 kwa ofisi ya Katibu wa Jimbo, na mtu yeyote anaweza kuangalia kama ameiweka. Hawa walikuwa wameiweka. Kisha shoga yangu akanieleza biashara yenyewe inavyokwenda. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ilichapisha uchunguzi wake juu ya wanunuzi wa madeni, ikakuta kwamba kwa wastani wananunua kwa senti nne kwa kila dola ya deni. Sikujua kampuni yangu ilinunua kwa kiasi gani, lakini nilielewa kwa nini watu hawa wana nafasi ya kupunguza. Anayekudai dola 1,870 huenda hakutoa hata mia moja.

Barua ya kwanza haikutaja malipo hata kidogo. Niliandika kwamba nalipinga deni, kwamba barua hii si kukiri kuwa ni langu wala si ahadi ya kulipa, na kwamba nataka mchanganuo wake: lilianza lini, kwa mkataba upi, kila dola imetoka wapi. Maneno hayo ya kutokukiri yana kazi yake. Hapa Texas deni la namna hii linaweza kupelekwa mahakamani ndani ya miaka minne, na barua yenye saini inayokiri deni inaweza kuianzisha upya hesabu hiyo. Tena usichanganye hesabu mbili za muda zilizopo: miaka minne ni ya kushtakiwa, na kila jimbo lina yake, miaka saba ni ya kukaa kwenye ripoti, na hiyo haianzi upya hata deni likiuzwa mara kumi. Mimi nilikuwa bado ndani ya ile minne. Wangeweza kunishtaki, na nililijua hilo kila nilipofungua sanduku la barua.

Niliongeza sentensi moja: msinipigie kazini. Walikuwa wamepiga mara mbili kwenye meza ya manesi, msimamizi wangu akaniita faragha kuniuliza kama niko salama. Sheria ya mwaka 1977 inayowaongoza wakusanya madeni inawakataza kumtangazia mtu mwingine deni lako, kupiga kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa tatu usiku, na kupiga kazini wakishajua mwajiri hataki. Baada ya barua ile, simu za kazini zilikoma.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Kodi ya mwezi mmoja, dola 1,050. Zulia, dola 620. Usafi, dola 200. Niliisoma karatasi ile na kwa mara ya kwanza nikaacha kuogopa, maana sasa deni lilikuwa na sura. Kodi ya mwezi ule nilikuwa naidaiwa kweli. Nilihama kwa haraka baada ya zamu zangu kupunguzwa, na sikutoa notisi kama mkataba ulivyotaka. Zulia ni jambo jingine. Nililikuta kuukuu, nikakaa juu yake miaka minne, na picha za siku niliyoingia zilikuwa bado kwenye simu yangu. Sheria ya Texas haimruhusu mwenye nyumba kumtoza mpangaji uchakavu wa kawaida. Na dipoziti yangu ya dola 500 haikuonekana popote kwenye hesabu. Nami nilikuwa na kosa langu: sikumwachia mwenye nyumba anwani mpya kwa maandishi, na ndiyo maana barua zote zilikwenda kwenye mlango ambao sikai tena.

Nilikaa na dhamira yangu. Kodi 1,050, toa dipoziti 500, inabaki 550. Hizo ndizo nilizoamini mbele ya Mungu kwamba nadaiwa.

Barua ya pili ilitoa dola 550 kumaliza deni lote, kwa sharti kwamba kampuni iondoe kumbukumbu yake kwenye ofisi zote tatu. Walipiga simu. Sikupokea. Waliacha ujumbe kwamba wanaweza kukubali 1,400 nikilipa kabla ya Ijumaa. Niliwajibu kwa barua: nimesikia, andikeni. Wakaandika 1,100, na chini yake sentensi kwamba "sera ya kampuni hairuhusu kufuta". Sentensi hiyo utakutana nayo. Zile ofisi tatu hazipendi mapatano ya kulipa kwa sharti la kufutwa, na wakusanyaji wengi hukataa mara ya kwanza.

Hapo nilisita, si kwa hofu bali kwa swali: je, ni haki kuomba jambo lililotokea lifutwe? Nililiuliza swali hilo kwa mama, tena kwa muda mrefu, nikimweleza kila kitu. Alinyamaza kisha akasema, "Umemlipa mwenye haki, atabaki anakutangaza kwa nini?" Sheria nayo haikunibana. Inamtaka mkusanyaji, akiripoti, aripoti kweli. Haimlazimishi kuripoti. Kujiondoa kwake si uongo. Mimi sikuomba aandike kwamba sikuwahi kudaiwa. Niliomba akishalipwa aache kunitaja.

Nilirudisha jibu kwamba bila kufutwa sina sababu ya kulipa zaidi ya kile ninachoweza kukithibitisha, na nikaambatanisha picha za zulia na nakala ya risiti ya dipoziti. Wakakaa kimya wiki sita. Ule ukimya ndio mgumu kuliko yote. Mara tatu nilishika simu niwapigie nilipe tu, nipumzike. Shoga yangu alinishika mkono, kwa maana halisi, mezani kwake. Mwishoni mwa Juni ilikuja barua: dola 800, na kufutwa kutaombwa kwenye ofisi zote tatu ndani ya siku 30 baada ya malipo.

Nilikubali. Dola 250 juu ya nilizoamini nadaiwa ni nyingi kwa mtu anayelipwa kwa saa, na ninajua wasomaji watakaosema ningekaza zaidi. Lakini watoto walikuwa wanalala chumba kimoja na mimi, na mashtaka yalikuwa bado yanawezekana. Kabla ya kulipa nilirudisha barua mara moja zaidi, kwa sababu haikusema salio litakuwaje. Nilitaka yaandikwe mambo manne: namba ya akaunti, kiasi, kwamba deni limemalizika lote na salio halitauzwa wala kudaiwa, na kwamba kumbukumbu itafutwa, neno lenyewe likiwa kufutwa, si kurekebishwa wala kuandikwa kuwa limelipwa. Ilirudi ikiwa na saini ya mtu na cheo chake. Nililipa kwa hundi ya benki kwa barua ya rejista. Namba za akaunti yangu sikuwapa tena.

Baada ya wiki tano mstari ulikuwa umetoweka kwenye ripoti mbili. Kwenye ya tatu ulikuwepo. Nililipinga kwa ofisi hiyo kwa posta, nikaambatanisha nakala ya barua ya mapatano. Ofisi hizi zina siku 30 za kuchunguza pingamizi. Siku ya 26 nilipata jibu kwamba umefutwa. Novemba tulihamia nyumba ya vyumba viwili.

Lile la modemu, dola 186, nililolilipa kwanza kwa moyo mweupe, ndilo lililokaa kuliko yote. Niliandika barua mbili za kuomba ihsani, nikieleza kwamba nimelipa lote na kuomba waondoe. Hawakujibu.

Wapo watakaokwambia watakufanyia haya yote kwa malipo ya kila mwezi. Mmoja alinitaka dola 99 kila mwezi na nyingine kabla hajaanza. Sheria ya mwaka 1996 inawakataza hao kuchukua pesa kabla ya kumaliza kazi. Stempu na kadi ya kijani zilinigharimu kidogo kuliko hizo. Na ukisamehewa kiasi kikubwa, uliza mapema habari za kodi: mkopeshaji akifuta dola 600 au zaidi anaweza kukuripoti kwa fomu 1099-C, na kiasi hicho kikahesabiwa kuwa kipato chako.

Ninayaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu pale kazini tuko Wakenya na Watanzania kumi na mmoja, na nilipothubutu kusema, saba waliniambia nao wana deni la namna hii na hawajamwambia mtu. Na nyumbani nako yamefika. Kaka yangu Mombasa alikopa kwenye simu shilingi 6,000, akachelewa, na mawakala wakampigia mama kumwambia amlipie, jambo ambalo kanuni za Kenya za mwaka 2022 za wakopeshaji wa kidijitali zimelikataza. Alipolipa alidhani yamekwisha. Alipokwenda sako kuomba mkopo wa pikipiki aliambiwa bado yumo CRB, ofisi ya huko inayoweka kumbukumbu za mikopo ya watu, na kwamba deni baya likishalipwa kumbukumbu yake inaweza kukaa miaka mitano. Aliniambia nilipe kwa niaba yake chochote kinachodaiwa. Nikamwambia hakuna kinachodaiwa. Ilituchukua simu nzima ya saa moja kuelewana kwenye hilo.

Aprili 2024 nilipata barua ya kampuni nyingine kabisa. Ilinidai dola 1,070, salio la nyumba ile ya 2019. Mtu fulani alikuwa ameliuza. Kwa hesabu ya Texas muda wa kunishtaki ulikuwa umeshapita, lakini sikutaka kutegemea hilo peke yake. Nilichukua bahasha iliyo juu ya kabati, nikatoa nakala ya barua ya mapatano, ya hundi, na ya kadi ya kijani, nikaandika mistari minne, nikaenda posta siku niliyopata barua yao. Walijibu baada ya siku kumi na mbili kwamba wamelifunga faili. Barua hiyo nayo nimeitia kwenye bahasha ileile.